Ng'ombe Wasio na Masikio: Kumkumbuka Konstantino Mboje wa Bomani

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Wakubwa wangu mliobaki, shikamooni. Wadogo, marahaba, hata kama hamjanisalimia. Anayeongea ni babu yenu Mniko. Leo nimechoka. Nasema mapema, ili mtu asije akapiga redio yake makofi akidhani betri imeisha. Betri ni nzima. Aliyeisha ni mimi.

Leo tunamkumbuka Konstantino Mboje. Narudia jina kwa walioko jikoni: Konstantino Mboje. Ndiye aliyechora ule ukuta wa ng'ombe hapa Bomani, Tarime mjini, na ndiye aliyeutunza. Amefariki siku kumi na mbili zilizopita. Kifua kilimsumbua muda mrefu, na safari hii hakikumwachia. Tumemzika Susuni, kwenye kiwanja alipojenga na mke wake, mama Juliana.

Sasa wapo ambao hawajauona huo ukuta. Wewe wa Serengeti huko, wewe wa Sirari. Ngoja nikueleze. Ukitoka sokoni ukielekea kanisani, kuna ghala la zamani la mahindi. Ghala halina mahindi tena, lina popo. Lakini ukuta wake wa barabarani ni mrefu, mimi kwa miguu yangu hii naumaliza kwa kupumzika mara moja. Kwenye ukuta huo wamechorwa ng'ombe thelathini na nne. Wanatembea wote upande mmoja, kama wanaenda mtoni. Thelathini na nne. Na ukiwaangalia vizuri, wasikilizaji wapendwa, utaona kumi na tisa hawana masikio.

Wageni wanauliza, "Mbona ng'ombe hawana masikio?" Watoto wanajibu wanavyotaka. Wengine wanasema mchoraji alikuwa hajui. Leo nitasema ukweli, kwa sababu ukweli huo unanihusu.

Tuanze mwanzo. Zamani mtaa wetu ulikuwa na maboma. Mtu akiamka anasikia ng'ombe wake, wa jirani, wa kule chini. Mji ukakua. Nyumba zikabanana. Tukaambiwa ng'ombe hawawezi kukaa tena katikati ya mji. Haya, tukawatoa. Wengine walienda kwa ndugu vijijini, wengine waliuzwa mnadani. Mimi wangu niliwapeleka Susuni. Asubuhi ya kwanza bila ng'ombe niliamka nikakaa kitandani. Sikujua nitoke nje kufanya nini.

Hiyo ilikuwa mwaka elfu mbili na kumi na moja. Mzee Magige, Mungu amrehemu, ndiye mwenye ghala, akasema, "Kama hawawezi kukaa mtaani wakiwa hai, wakae ukutani." Tukacheka. Halafu tukaona anasema kweli. Tukamtafuta mtu wa kuchora.

Mtu mwenyewe ndiye Konstantino. Alikuwa ametoka Matongo, kwenye mashimo ya dhahabu ya wachimbaji wadogo. Alikuja kutoka Usukumani, Meatu, akiwa na miaka ishirini na kitu, akafuata dhahabu kama wengine. Dhahabu hakuipata. Alipata kikohozi. Akaacha mashimo, akaja mjini, akawa anaandika vibao vya maduka. Kinyozi, duka la dawa, mama lishe. Mkono wake ulikuwa mzuri. Hapo ndipo alipoonana na Juliana, binti wa Susuni, akaoa, akakaa.

Namna yake ya kufanya kazi nataka muijue. Hakuchora ng'ombe tu. Alikwenda nyumbani kwa mwenye ng'ombe, akakaa chini, akasema, "Nisimulie." Mtu anasimulia. Rangi, pembe, tumbo, jinsi alivyokuwa anatembea. Yeye anachora polepole kwenye kipande cha katoni ya sabuni. Kesho yake yuko ukutani, na mwenye ng'ombe amesimama barabarani anapiga kelele. "Pembe ile ilishuka zaidi!" "Nundu kubwa mno, huyo siyo wangu, huyo ni ng'ombe wa askofu!" Bodaboda wanasimama. Kila mtu ana maoni.

Mimi nilimpa maksai wangu. Mwekundu, paji jeupe. Tulimwita Simama. Tulimwita Simama kwa sababu hakuwa anasimama. Ukiwa unalima, umeshafika mwisho wa shamba, yeye anaendelea mpaka kwa jirani. Konstantino alipomaliza, niliangalia yale macho nikasema, "Mura, kijana wangu, huyu atatoka ukutani aingie sokoni." Alicheka mpaka akakohoa.

Na tuliweka sheria moja. Kuna bwana mmoja alitaka achorewe ng'ombe wa maziwa, mkubwa, mweusi na mweupe. Tukamuuliza, huyo ulikuwa naye lini? Kumbe alimwona kwenye kalenda. Basi wazee tukakaa, tukasema: ng'ombe wa uongo hapandi ukutani. Lazima awe aliishi, na lazima awe na shahidi aliyemwona. Sheria ndiyo hiyo. Muikumbuke, nitairudia mbele.

Sasa utunzaji. Watu wanafikiri ukuta ukishachorwa umemalizika. Hapana. Ukuta ule ni wa tofali za udongo na plasta. Kila masika maji yanaingia, plasta inavimba, inadondoka. Mwezi wa sita, mvua ikiisha, Konstantino na mama Juliana walikuwa wanakuja na ngazi yao. Mama anakwangua, anakandika upya. Ukikauka, mume anachora tena palipodondoka. Kila mwaka. Miaka yote hiyo. Sisi wengine tulikuwa tunapita tunasema, "Poleni na kazi." Wanajibu, "Asante." Tunaenda zetu.

Mwaka elfu mbili na kumi na nne masika yalikuwa makali. Ukuta ulidondoka sana, na nyumba ya Konstantino ilivuja, katoni zake zikalowa zikawa uji. Sikukuu ilikuwa inakaribia, sisi wazee tukamharakisha, "Maliza, wageni wanakuja." Akarudisha ng'ombe kwa kichwa chake. Na akakosea kitu kimoja. Kimoja tu. Kwenye ng'ombe mweupe wa mama Mokami, akaweka alama ya sikio ya mzee Magige.

Kwa wale ambao hawakufuga, nieleze. Kila nyumba ina mkato wake kwenye sikio la ng'ombe. Huyu anakata ncha, huyu anakata pembeni, huyu mara mbili. Ng'ombe akipotea, watu hawaulizi rangi, wanashika sikio. Rangi zinafanana. Sikio ndilo linasema ni wa nani.

Asubuhi mama Mokami anapita kwenda sokoni na ndizi zake. Akaangalia. Akaweka ndizi chini.

"Magige! Toka nje! Mrudishe ng'ombe wangu!"

Magige akatoka na kikombe cha chai. "Ng'ombe gani, mama? Si huyo hapo ukutani? Mchukue."

"Ana alama yako!"

"Kama ana alama yangu, basi ni wangu. Si ndivyo sheria inavyosema?"

Watu wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Lakini mama Mokami hakucheka, na wanawe hawakucheka. Nyumba hizo mbili zilikuwa na jambo la zamani. Ndama wa mama Mokami aliwahi kupotea, hakuonekana, na maneno yalisemwa. Mzee Magige alikuwa anatania, lakini alitania palepale penye kidonda. Saa nne wale wanawe wakaja na fimbo. Saa tano nyumba ya Magige nao wametoka na fimbo. Kwa ajili ya ng'ombe wa rangi! Wasikilizaji wapendwa, tungepigana Bomani, mchana, watu wakaenda hospitali kwa sababu ya ng'ombe ambaye hawezi hata kunya.

Wazee tukaingia kati. Tukaazima viti vitano kanisani, tukakaa barazani kwa ghala. Konstantino akaitwa. Akasimama mbele yetu na brashi bado iko mkononi. Akasema, "Wazee, nimekosa. Katoni zililowa. Nitarekebisha sasa hivi." Angeachwa hapo, mambo yangekwisha.

Lakini mimi nikasimama. Mimi, Mniko. Watu walikuwa wamekasirika na nilitaka kuwapoza, nikaona rahisi ni kumrushia mgeni. Nikasema, na nasema tena leo kama nilivyosema siku ile: "Wewe umetoka mashimoni. Wewe huna ng'ombe. Mtu asiye na ng'ombe atajuaje sikio?"

Watu wakapiga makofi. Wale wa fimbo nao wakapiga makofi, pande zote mbili. Wakapatana juu ya mgongo wa Konstantino. Tukatoa hukumu: kuanzia leo, sikio halichorwi mpaka mwenyewe aje aoneshe kwa kidole.

Konstantino aliinamisha kichwa. Akasema, "Sawa wazee."

Basi. Akaenda kuosha brashi yake.

Tangu siku ile, kila mwezi wa sita, alikuwa anachora ng'ombe mzima, miguu, mkia, macho, halafu anaacha sikio. Anamwita mwenyewe. Mwenyewe anakuja, ananyoosha kidole, "Pale, chini kidogo," anachora, anashukuru. Miaka ya mwanzo watu walikuja mbio. Ilikuwa kama sherehe. Halafu, mnajua wenyewe. Mzee Magige akafa. Mama Mokami akafa. Watoto wako Mwanza, wako Dar, wako migodini. Masikio yanadondoka na mvua, hakuna wa kuja kuonesha. Mama Juliana ameniambia mumewe alikuwa anapiga simu. Alimpigia Lilian, mjukuu wa Magige, yuko Mwanza. Lilian akamjibu, "Mjomba, mimi huyo ng'ombe sijawahi hata kumwona. Chora tu unavyoona." Konstantino akasema, "Hapana mama. Wazee walisema mwenyewe."

Kumi na tisa. Ndivyo walivyofika kumi na tisa.

Na mmoja katika hao kumi na tisa ni Simama. Wangu. Mimi niko hai, nakaa mtaa uleule, natembea kwa fimbo lakini natembea. Mwaka huu alikuja kwangu mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa na magoti. Mara ya pili kulikuwa na mpira kwenye redio. Mara ya tatu alikaa kwenye kigoda pale mlangoni, anakohoa, nikamwambia, "Konstantino, wiki ijayo." Akasema, "Sawa baba, sawa tata, wiki ijayo." Akaondoka anashika ukuta. Niliona anashika ukuta. Niliona, nikarudi kwenye chai yangu.

Wiki ijayo haikufika.

Ngoja ninywe maji.

Msibani Susuni alikuja kaka yake kutoka Meatu. Anaitwa Erasto Mboje. Mzee mwenzangu, mrefu, mpole. Alisafiri siku mbili. Tulipomaliza kuzika, ndugu wakasimama kutambulishana, na yeye akapewa nafasi. Akasema hivi, maneno yake mwenyewe:

"Nawashukuru kwa kumtunza mdogo wangu. Sisi kwetu ni wafugaji. Baba yetu alikuwa na ng'ombe wengi. Huyu alichunga tangu ana miaka sita. Alikuwa na jicho. Ng'ombe akichanganyika mnadani na mia wengine, baba alimtuma yeye, kwa sababu alikuwa anajua sikio la kila mmoja. Hata la ng'ombe wa jirani."

Wasikilizaji wapendwa, nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Nilitafuta mahali pa kuweka macho yangu nikakosa. Miaka yote hiyo sikuwahi kumuuliza, "Wewe Konstantino, kabla ya mashimo ulikuwa unafanya nini?" Hakuna aliyemuuliza. Tulijua ametoka shimoni, basi, kana kwamba mtu anazaliwa shimoni.

Watu walipopungua nikamfuata Erasto. Nikamwambia yale maneno niliyomwambia mdogo wake. Nilidhani atakasirika. Hakukasirika. Akasema, "Alinieleza." Nikauliza, "Alikuelezaje?" Akasema, "Mwaka ule alikuja nyumbani, akanieleza habari za ukuta. Nikamwambia, mbona na wewe una ng'ombe wako? Yule mweusi wa mkia mweupe, baba alikupa ukiwa mdogo, kwa sababu ng'ombe alipotea siku mbili na wewe ukamfuata mpaka ukampata. Nikamwambia, mchore. Brashi si unayo wewe? Akasema, hapana kaka, kule ni kwa watu, na wana sheria. Ng'ombe wangu hana shahidi."

Hana shahidi. Ile sheria yetu ya bwana wa kalenda. Nilisema nitairudia, nimeirudia.

Juzi nikachukua bodaboda nikaenda Susuni tena. Magoti yalikataa, nikayapeleka hivyohivyo. Mama Juliana alikuwa anapepeta mtama. Nikamwambia, "Mama, nimekuja kwa ajili ya sikio la Simama. Twende ukutani, nikuoneshe, uchore wewe. Najua mkono unao." Maana yeye alikuwa anamsaidia miaka yote, na siku kifua kilipozidi, nusu ya wale ng'ombe ni kazi yake. Wengi hamjui.

Akaendelea kupepeta. Akasema, "Tata Mniko, umechelewa kwa kidole tu, au na kichwa?"

Nikasema, "Kivipi?"

"Sikio lipi?"

"La kushoto," nikasema. "Mkato mmoja, chini."

Akaweka ungo. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa salfeti. Ndani ya mfuko kuna katoni za sabuni, zimefungwa kwa plastiki zisilowe tena. Akatoa moja. Simama, mwekundu, paji jeupe, macho yale ya kukataa kusimama. Na sikio. Mkato mmoja, chini. Kulia.

Kulia, wasikilizaji wapendwa. Simama nilikuwa namfunga nira upande wa kushoto, ndiyo maana kushoto kumebaki kichwani. Lakini mkato ni kulia. Nyumba yetu yote, tangu baba yangu, ni kulia. Mimi mwenye ng'ombe nimesahau. Asiye na ng'ombe alikuwa nalo.

Nikauliza, "Ziko ngapi?"

"Zote," akasema mama Juliana. "Thelathini na nne. Kila mtu alipokuja kuonesha, mume wangu akirudi nyumbani alichora kwenye katoni kabla ya kula. Alisema hatakosea mara ya pili. Hakukosea."

"Sasa mama, kama alikuwa nayo yote, kwa nini ameacha ng'ombe kumi na tisa bila masikio? Angechora tu! Nani angejua?"

Mama Juliana akaokota ungo wake. Akasema, "Nilimwambia hivyo kila mwaka. Tuligombana kwa hilo. Akawa anajibu, wazee walisema mwenyewe aje. Nikichora bila wao, watasema mgeni amevuruga masikio tena."

Nilishika ile katoni, inanuka sabuni bado.

Halafu akaniambia jambo, ndilo lililonileta hapa leo. Masika yajayo, ukuta ukiachwa hivi, hautasimama. Upande wa popo tayari umepasuka. Yeye yuko tayari kukandika na kuchora, nguvu bado anazo. Lakini katoni hatazifungua kwanza. Alisema hivi: "Waje. Kila mmoja asimame mbele ya ng'ombe wake aseme mwenyewe. Akishindwa, ndiyo nitafungua. Sitaki waje kuchukua kwenye mfuko kama mnada. Mume wangu aliwasubiri, na mimi nitawasubiri, lakini mvua haisubiri."

Basi natangaza. Jumamosi hii, saa tatu asubuhi, kwenye ghala la zamani, Bomani. Narudia: Jumamosi, saa tatu asubuhi, Bomani. Kama babu yako alikuwa na ng'ombe mtaa ule, njoo. Lilian wa Mwanza, kama unanisikia, au kuna mtu wa kumpigia, mwambie aje. Hata kama hajamwona huyo ng'ombe. Watoto wa mama Mokami, njooni, acheni fimbo nyumbani. Ukikosea sikio, hatutakucheka. Wa kwanza kukosea ameshapatikana.

Na kuna moja zaidi. Wazee tuliobaki tumekaa. Tulikuwa watano barazani mwaka ule, sasa tumebaki wawili, kwa hiyo kikao hakikuwa kirefu. Tumekubaliana. Mbele kabisa ya wale ng'ombe, ukutani, kuna nafasi ya ng'ombe mmoja. Mama Juliana ameshaanza. Ni mweusi, mkia mweupe. Aliishi Meatu. Shahidi anaye, ni Erasto Mboje, na nimempigia simu. Atarudi kwa ajili ya arobaini ya mdogo wake, asimame barabarani anyooshe kidole. Mpaka hapo ng'ombe huyo atakaa bila sikio, kama wenzake. Ukipita ukamwona, usiseme mchoraji alikuwa hajui.

Kwa mama Juliana, kwa watoto wenu wawili, kwa kaka Erasto na nyumba nzima ya Mboje huko Meatu, poleni sana. Redio hii inawapa pole. Mimi nawapa pole na naomba msamaha, vyote kwa pamoja, kwa sababu umri wangu hauniruhusu kuvitenganisha. Konstantino, ulale salama mwanangu.

Na wewe unayesikiliza, kwenye mtaa wako kuna mtu aliyetoka mbali. Anaandika vibao, anachoma mahindi, anaziba pancha. Unajua alitoka wapi. Muulize aliacha nini huko. Usingoje umsikie kaka yake makaburini.

Mimi nimemaliza, nimechoka kweli. Jana jioni mama Juliana alimpa Simama sikio lake. Nilisimama barabarani na fimbo yangu, bodaboda wanapiga honi, nikanyoosha kidole. La kulia, mama. Chini kidogo. Hapo hapo.